Mwalimu wa Tuisheni Atakayemsaidia Mtoto: Tumtafuteje?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya wazazi na walezi wa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari. Tunaichapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.)



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu siku ya Jumamosi, siku ambayo wengine wana soko na wengine wana msiba wa kwenda. Tutajitahidi tusiwachoshe.

Kama mnavyofahamu, ofisi ya miradi inashughulika zaidi na visima, vikundi vya kuweka na kukopa, mbuzi wa maziwa, na mahitaji ya shule ya watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Mada ya tuisheni haikuwamo kwenye mpango kazi wetu. Imekuja yenyewe, maana kila tunapotembelea mitaa kukagua mradi, baada ya kumaliza habari za kisima mzazi mmoja hutuvuta pembeni na kuuliza: "Mnaweza kututafutia mwalimu wa kumfundisha mtoto jioni?" Na karibu kila mara huongeza neno: "Awe mkali."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Mzazi anayetafuta mwalimu mkali tayari ameshaamua kwamba tatizo la mtoto ni uvivu. Inawezekana. Lakini kwa watoto tunaowafuatilia sisi, mara nyingi tatizo limekuwa kwamba mtoto amekwama mahali fulani, pengine miaka miwili au mitatu iliyopita, na hakuna aliyekaa naye kupaona mahali hapo. Mtoto wa namna hiyo ukimpelekea mtu mkali, atajifunza kuficha vizuri zaidi kwamba hajui.

Tumefikaje hapa

Tuisheni haikuletwa na wazazi wenye fedha peke yao. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Mwaka 2004 ukaja mpango wa sekondari, MMES, na shule za kata zikajengwa kwa nguvu za wananchi. Wengi mliomo humu mlibeba mawe na mchanga. Ni jambo jema na hatulibezi hata kidogo. Ila madarasa yalijaa kabla walimu hawajapatikana. Mnawakumbuka wale vijana waliopewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa madarasani, watu wakawaita kwa utani "vodafasta". Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalituonyesha gharama yake: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, ikabidi serikali iunde tume, na matokeo yakapangwa upya. Kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Watoto wameongezeka tena. Mwalimu wa hesabu mwenye wanafunzi 80 mbele yake hawezi kujua kwamba yule wa kiti cha nyuma hajui sehemu. Hilo si kosa lake.

Mtafiti Mark Bray, katika kitabu kilichotolewa na UNESCO mwaka 1999, aliita tuisheni mfumo wa elimu wa kivuli. Alisema inafuata shule kama kivuli kinavyomfuata mtu: shule ikikua nayo inakua, mtaala ukibadilika nayo inabadilika. Tunaipenda picha hiyo kwa sababu inatukumbusha kwamba kivuli hakiwezi kuchukua nafasi ya mtu mwenyewe. Mtoto akisinzia darasani asubuhi kwa sababu jana alikuwa tuisheni hadi saa tatu usiku, hapo tumeanza kukilisha kivuli na kumwacha mtu na njaa.

Kabla ya kumtafuta mwalimu, mtafuteni mtoto

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana tutakaa kidogo.

Kuna mtoto katika mmoja wa mitaa yetu ambaye alikuwa anashika mkia tangu darasa la tano. Mama yake aliuza mbuzi ili alipe tuisheni ya miezi mitatu. Hakukuwa na mabadiliko yoyote. Siku moja mwinjilisti alimwomba mtoto asome tangazo lililokuwa limebandikwa ukutani, na mtoto akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Alikuwa haoni ubao. Miwani ilifanya kazi ambayo yule mbuzi hakuiweza.

Kwa hiyo tuanze na yaliyo karibu. Je, anaona? Anasikia, au huwa anageuza sikio moja? Anakwenda shule amekula? Binti anapotoka shule anachota maji madumu mangapi kabla hajashika daftari, na kaka yake anachota mangapi? Mwalimu wa tuisheni hawezi kutibu uchovu.

Ukishajiridhisha hapo, chukua daftari. Si lazima uwe umesoma. Tazama mahali ambapo alama za pata zinapungua na alama za kosa zinaanza kuongezeka, halafu muulize mtoto mada hiyo inaitwaje. Kwa wadogo kuna njia rahisi zaidi. Kuanzia karibu mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika Tanzania, Kenya na Uganda wakiwapima watoto wa umri wa shule kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili tu: kusoma maneno, kusoma hadithi fupi, kujumlisha na kutoa. Kilichowashtua wengi ni kwamba wako watoto wa darasa la saba walioshindwa maswali hayo. Jambo hilo unaweza kulifanya mwenyewe jikoni. Mpe kitabu cha darasa la pili au la tatu cha mdogo wake, kaa kando, msikilize anavyosoma. Ukiona anakwama huko, usimlipie mtu amfundishe ya darasa la saba.

Tuchukue mfano mmoja wa hesabu. Kijana wa kidato cha pili anapewa nusu jumlisha theluthi. Anaandika mbili ya tano. Amejumlisha ya juu kwa ya juu, moja na moja, na ya chini kwa ya chini, mbili na tatu. Mwalimu mkali ataweka alama ya kosa, atasema "mzembe wewe", na ataandika jibu sahihi ubaoni: tano ya sita. Kijana atalinakili. Kesho atarudia kosa lilelile, kwa sababu hakuna aliyegusa wazo lililo kichwani mwake.

Mwalimu tunayemtafuta atasema, "Nionyeshe umefikaje hapa." Atanyamaza amsikilize. Kisha atachukua muwa. "Huu muwa mzima. Nakupa nusu yake. Una kiasi gani?" Nusu. "Sasa nakuongezea theluthi ya muwa kama huo. Umezidi au umepungua?" Nimezidi. "Haya, mbili ya tano ni zaidi ya nusu au ni pungufu ya nusu?" Kijana anakata muwa mwingine vipande vitano vilivyo sawa, anachukua viwili, anapima kando ya ile nusu, na anaona kwa macho yake kwamba ni pungufu. "Sasa nimekuongezea muwa, mbona umekupungukia?" Hapo kijana anacheka, na akishacheka mlango umefunguka. Wakikata muwa vipande sita vilivyo sawa, nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano. Tano ya sita. Imechukua dakika 20, na kijana huyo hatalisahau.

Tumelieleza kwa urefu kwa sababu sehemu zimo kwenye aljebra, zimo kwenye fizikia, zimo kwenye kemia. Mtoto aliyekosa jambo moja la darasa la tano anaonekana mjinga katika masomo matatu ya sekondari. Na upimaji wa kidato cha pili haumsubiri. Asiyefikia kiwango anarudia mwaka, na wengi wanaotakiwa kurudia hawarudi kabisa.

Mwaka 1984 mwanataaluma wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kuhusu wanafunzi waliofundishwa mmoja mmoja hadi wakaelewa kila hatua. Mwanafunzi wa kawaida wa kundi hilo alifanya vizuri kuliko wanafunzi 98 kati ya 100 waliofundishwa kwa njia ya kawaida ya darasa. Watafiti waliofuata hawajapata tofauti kubwa kiasi hicho, lakini wameendelea kukuta kwamba kufundishwa mmoja mmoja kunasaidia. Mwalimu wa namna hiyo anaona kosa likiwa bado bichi na kulisahihisha palepale, jambo ambalo mwenye wanafunzi 80 hawezi hata akitaka.

Nani anafaa

Wazazi wengi humwendea mwalimu wa mtoto huyohuyo wa shuleni. Ni rahisi kwa kuwa anamjua mtoto. Lakini tuwe wakweli: mwalimu anayelipwa jioni kwa somo alilopaswa kulimaliza asubuhi amewekwa mahali pagumu. Hatusemi kwamba walimu wetu wako hivyo, na wengine wamekaa hapa mbele wanatusikiliza. Tunasema kwamba mkiwa na njia nyingine, msimtie mwenzenu majaribuni. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza wanafunzi kulazimishwa kusoma tuisheni wakati wa likizo. Kwa shule za hapa kwetu, muulizeni mwalimu mkuu ni maelekezo gani yanayotumika kabla hamjachangishana.

Wako walimu wastaafu. Hawa ni hazina tunayoiacha ikae kwenye vibaraza. Mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 30 anajua kumtoa mtoto kwenye silabi kuliko kijana yeyote mwenye shahada. Kasoro yao ni kwamba baadhi hawajauona mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024. Hilo linarekebishika: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao, na kijana yeyote wa kwaya mwenye simu nzuri anaweza kumpakulia.

Wako wanafunzi wa vyuo wanaorudi likizo, na wako vijana waliomaliza kidato cha sita wanaosubiri chuo. Hawa hatuwatumii ipasavyo. Kijana aliyefanya mtihani mwezi Mei bado ana somo kichwani, na kikubwa zaidi, anakumbuka ni wapi lilimsumbua. Mtu aliyepata A bila kutoka jasho huwa anashangaa kwa nini wewe huelewi. Aliyeanzia na D akapanda hadi B anaweza kukuonyesha ngazi aliyopandia. Mkienda kumwuliza kijana alama zake, muulizeni pia hilo.

Mwisho wapo wale wa mabango barabarani wanaoahidi "Daraja la Kwanza kwa uhakika". Hakuna anayeweza kuahidi alama za mtoto ambaye hajamwona.

Siku ya kwanza

Msimpe mtu yeyote mtoto na fedha ya mwezi kwa siku moja. Ombeni kipindi kimoja cha majaribio, mlipie hicho kimoja, na mzazi akae humo ndani akichambua mchele au akishona. Tazama nani anaongea. Kama kwa saa nzima umesikia sauti ya mwalimu peke yake, hiyo ni hotuba kama hii yetu, na hotuba mtoto anazipata shuleni. Tazama kalamu iko mkononi mwa nani. Sikiliza mtoto akikosea anaambiwa nini. Mwalimu akiuliza swali, je, anasubiri, au anajibu mwenyewe baada ya kupepesa macho mara mbili?

Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alituuliza, "Sasa mimi nisiyejua Kiingereza nitampimaje mwalimu wa sekondari?" Tulilifurahia swali lake kuliko mengine yote, na jibu ni kwamba anaweza, tena vizuri. Jioni amwambie mjukuu, "Nieleze kwa Kiswahili mlichosoma leo." Mtoto aliyeelewa ataeleza, hata kwa kuchora chini kwa kijiti. Aliyekariri atasema, "Bibi, hii ni ya Kiingereza, huwezi kuelewa." Jibu hilo likija siku tatu mfululizo, bibi ameshampima mwalimu.

Na hapo ndipo penye jeraha la watoto wetu wengi. Katika shule zetu za msingi za serikali mtoto anasoma kwa Kiswahili; anaingia kidato cha kwanza, na kila kitu kinageuka Kiingereza. Aliyekuwa ananyoosha mkono darasa la saba ananyamaza. Usanisinuru anaujua, anajua kwamba jani linatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, lakini swali likija kwa lugha nyingine anadhani ni jambo jipya. Mwalimu wa kumsaidia ni yule anayemwacha aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha wanalijenga jibu pamoja kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, kwa sababu mtihani utadai Kiingereza. Anayemkataza Kiswahili kabisa anamziba mdomo. Anayemfundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, naye anamwacha njiani.

Turudi kwenye ukali. Katika semina iliyopita mzee mmoja wa usharika alisimama akatuambia, "Sisi tulisoma kwa fimbo na tukafaulu." Tulimjibu kwa heshima kwamba waliofaulu ndio wanaosimama kwenye semina, walioacha shule kwa sababu ya fimbo hawakuja kutusimulia. Aidha, kuna sheria. Hata shuleni kanuni za viboko za mwaka 1979 na marekebisho yake zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa tuisheni sebuleni kwako hana ruhusa hiyo, na wewe mzazi huwezi kumwazima ya kwako. Mzee hakukubaliana nasi siku ile. Baadaye tulisikia kwamba amemwajiri binti wa chuo kwa ajili ya mjukuu wake, na sharti la kwanza alilompa ni kutomchapa. Hatukumuuliza kilichombadilisha.

Jambo ambalo hatupendi kulisema lakini tutalisema

Mwalimu wa tuisheni anakaa na mtoto wako saa nyingi, jioni, na mtoto amefundishwa kumtii. Wengi ni watu waaminifu. Wachache si waaminifu, na wanajua kuonekana vizuri kuliko waaminifu.

Tulipokea binti wa kidato cha tatu aliyekuwa amekataa ghafla kwenda tuisheni. Nyumbani walimwona mkaidi. Baba akasema fedha imeshalipwa, akamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni, tena mara mbili. Kilichokuwa kinatokea ndani ya mlango ule kilijulikana baada ya miezi, binti alipokuwa tayari ana ujauzito. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, mtu anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali; huyu amerudi, na mama yake ndiye anayelea mtoto. Lakini hakuna hukumu inayomrudishia miezi ile.

Basi tuweke utaratibu bila kumwonea mtu aibu. Masomo yafanyike sebuleni, kibarazani au kwenye darasa la usharika, mlango na madirisha yakiwa wazi, na mtu mzima mwingine akiwa karibu. Yasifanyike chumbani kwa mwalimu, hata kama ndiko kuna umeme. Watoto wawe wawili au zaidi. Ujumbe wa simu upitie kwa mzazi. Mwalimu asimpe mtoto zawadi, wala nauli ya bodaboda, bila wewe kujua. Ulizeni alikofundisha kabla, kisha mpigie mzazi wa huko, usikie sauti yake. Haya ni kwa wavulana pia, maana tunawasahau. Na mtoto akisema "sitaki kwenda kwa yule", swali la kwanza liwe "kumetokea nini", habari ya fedha ifuate baadaye. Ukipata wasiwasi, liko Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, yuko afisa ustawi wa jamii, na iko namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo kuipiga ni bure. Msije kwetu kwanza tuyamalize kikanisa. Anzeni huko, kisha tuleteeni taarifa tuwasindikize.

Fedha

Tuseme kituo cha tuisheni kinatoza shilingi 1,000 kwa siku, siku tano kwa juma. Ni shilingi 5,000, na mtoto wako ni mmoja kati ya 60, yaani umemnunulia darasa lilelile alilotoka asubuhi. Sasa tuseme wazazi wanne mnaojuana, wenye watoto wa kidato kimoja, mnamlipa mwalimu shilingi 10,000 kwa kipindi cha saa moja na nusu, vipindi viwili kwa juma. Ni shilingi 20,000, mkigawana wanne ni 5,000 kila mmoja. Fedha ni ileile. Mtoto ni mmoja kati ya wanne, ana jioni tatu za kupumzika na kufanya kazi za shule, na hayuko peke yake na mtu mzima. Tarakimu za kwenu zitakuwa tofauti, ila fanyeni hesabu hiyo kabla hamjaamua.

Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ukurasa wa daftari: somo gani, mada gani, siku zipi, malipo kiasi gani, na asipofika inakuwaje. Mlipeni kwa wakati. Kijana anayedai mzazi miezi miwili hawezi kuwa mvumilivu kwa mtoto, na tumeona mwalimu mzuri akiondoka kwa sababu ya mzazi aliyeahidi "baada ya mavuno" kwa mavuno mawili.

Baada ya majuma sita kaeni nyote watatu. Msianze na nafasi aliyoshika darasani. Nafasi hutegemea na wengine. Chukueni swali lililomshinda siku ya kwanza, alifanye tena mbele yenu, aeleze. Kwa wa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani linatoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha wengi walikosea wapi na kwa nini. Mwalimu makini anautumia, na si kumkaririsha mtoto mitihani ya nyuma. Kama mtoto sasa anaweza kufanya mwenyewe, punguzeni vipindi. Mwalimu mwema ndiye atakayelisema hilo kabla yenu, ingawa linampunguzia kipato. Kama hakuna kilichosogea, badilisheni, na msimlaumu mtoto mbele ya mwalimu anayeondoka.

Sasa utekelezaji. Mchungaji ameturuhusu kutumia darasa la kipaimara siku za Jumanne na Alhamisi jioni, na taa za sola zipo. Mwinjilisti ana daftari mbili pale mlangoni. Ya kwanza ni ya wazazi: andikeni kidato au darasa la mtoto, somo, na mahali alipokwama, msiandike "masomo yote". Ya pili ni ya wastaafu na vijana walio tayari kufundisha, pamoja na majina ya watu wawili wanaowafahamu. Tutapiga simu kwa watu hao kabla mtu yeyote hajaingia darasani. Chai iko tayari nje, lakini kabla ya chai tupokee maswali, tukianza na akina bibi walioketi nyuma.